Mikono Miwili ya Baba Yudith

Nyumbani kwa Fanueli, Jumamosi ilikuwa siku ya kusuguana.

Fanueli na mkewe Bertha walikuwa wamepanga vyumba viwili Mabawa, mjini Tanga. Walikuwa Wasambaa, Wakristo wa Kilutheri, nao hawakukubali mtoto aingie kanisani Jumapili na vumbi la Jumamosi. Mwaka huo ulikuwa 1956. Fanueli alifanya kazi katika ghala la mkonge. Kutwa nzima alipiga katani brashi mpaka ing'ae, kisha ikafungwa marobota na kupelekwa bandarini. Aliipenda kazi yake, tena aliisifu kupita kiasi.

"Dunia nzima inafunga mizigo kwa kamba za Tanga," alipenda kusema.

Nyuzi fupi, zile zisizofaa marobota, alizileta nyumbani. Bertha alizikunja, akazifunga, zikawa dodoki la kuogea. Dodoki hilo lilikuwa kali kwelikweli. Liliondoa masizi ya sufuria mara moja. Bertha aliamini kwamba kitu kinachoshinda sufuria hakiwezi kushindwa na mtoto.

Watoto walikuwa wawili. Ruthi, mwenye miaka sita, alisuguliwa kidogo akaachiwa aende zake. Kazi ilikuwa kwa dada yake Yudith, mwenye miaka kumi na miwili. Nyuma ya mikono ya Yudith, juu ya viwiko, na kwenye mapaja, kulikuwa na vinundu vidogo vikavu. Vilikuwa vingi, vimekaribiana, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa manyoya.

"Mama, inauma!"

"Uchafu ndio unaouma. Simama vizuri."

"Kama ni uchafu, mbona hautoki?"

"Utatoka."

"Lini?"

Bertha akasugua zaidi. Wazazi tuna tabia hiyo. Swali likitushinda, mkono huzidi nguvu.

Uani alikuwapo Bi Turkiya, mwenye nyumba, akikuna nazi. Babu zake walitoka Omani, lakini yeye alizaliwa Tanga, na ulimi wake ulikuwa wa Tanga hasa.

"Mama Yudith!" aliita. "Ati unamwosha mtoto au unampara samaki?"

"Namwosha, Bi Turkiya. Ana ngozi ngumu huyu."

"Haya, endelea. Ukifika kwenye mfupa utuambie."

Bertha alicheka, lakini hakuacha.

Jumatatu, Mwalimu Eliudi aliwapanga watoto wa darasa la nne kwenye mstari. Upele ulikuwa umeingia shuleni. Watoto kadhaa walikuwa wakijikuna mpaka wanashindwa kushika kalamu. Mwalimu alipita, akitazama mikono ya kila mtoto. Alipofika kwa Yudith, alisimama. Ngozi ilikuwa na vinundu, tena ilikuwa nyekundu kwa katani ya Jumamosi.

"Na wewe umepata upele," alisema.

"Hauniwashi, Mwalimu."

"Usibishane. Nenda nyumbani. Usirudi mpaka ulete cheti cha zahanati kwamba umepona."

Yudith alichukua mkoba wake. Alitembea mpaka nyumbani bila kulia, lakini alipomwona mama yake alilia sana.

Alikuwa na sababu. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa umebaki wiki nne. Siku hizo watoto wengi walimalizia masomo yao hapo. Wachache tu, waliofanya vizuri, walichaguliwa kwenda shule ya kati. Yudith alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Mwalimu Eliudi mwenyewe alimwambia Fanueli, "Huyu tusimpoteze." Sasa mtihani ungefanyika na yeye yuko nyumbani.

"Kesho twende zahanati," alisema Fanueli jioni ile.

"Twende tukiwa hivi?" Bertha aliona aibu. "Watasema sisi ni wachafu. Kwanza tumsafishe, ndipo tumpeleke."

Hapo ndipo walipokosea. Walitaka mtoto apone kwanza, ndipo aende kutibiwa!

Bertha alinunua dukani dawa ya manjano ya upele. Asubuhi alimsugua Yudith kwa katani na sabuni ya kufulia, akampaka dawa. Jioni akarudia. Maji aliyachemsha mpaka yakatoa mvuke, maana alisikia kwamba joto huua wadudu. Siku ya tatu ngozi ya Yudith iliwaka moto. Siku ya tano ilichubuka. Vinundu vilikuwa palepale, na sasa katikati yake palikuwa na vidonda.

Yudith alishinda nyumbani na vitabu vyake. Alipochoka kusoma, alijitazama mikono. Alikuwa mtoto wa maswali, na jambo hili lilimsumbua kama hesabu isiyotoka. Alimwita Ruthi, akamtazama vidole, viganja, mikono, miguu. Ngozi ya Ruthi ilikuwa laini. Akaenda uani kwa Bi Turkiya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mikono vipi?"

"Bibi, upele unaambukiza?"

"Sana. Akipata mmoja, nyumba nzima hujikuna."

"Mimi na Ruthi tunalala mkeka mmoja. Tunajifunika shuka moja. Mbona yeye hana?"

Bi Turkiya aliacha kuchambua mchele.

"Na mbona mimi siwashwi?" aliendelea Yudith. "Watoto wa shuleni wanajikuna. Mimi sikujikuna hata siku moja, mpaka nilipopakwa dawa."

"Wallahi, mtoto una akili," alisema Bi Turkiya. "Maswali hayo mimi siyawezi. Mpelekee Uweso pale zahanati. Na mama yako namsemesha mimi."

Akamsemesha kweli. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Aibu gani, yakhe? Zahanati ni mahali pa wagonjwa! Ukiwa mzima utakwenda kufanya nini? Kuwasalimu?"

Kesho yake asubuhi Fanueli aliomba ruhusa kazini. Baba, mama na mtoto wakaenda.

Uweso alikuwa dresa wa zahanati, yaani mtu wa kusafisha vidonda na kutoa dawa. Alikuwa Mbondei, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuharakisha kushika dawa. Kwanza aliuliza.

"Mtoto anawashwa?"

"Hapana," alisema Yudith.

"Usiku je? Upele huwasha zaidi usiku."

"Nalala mpaka asubuhi."

Uweso alimfungua vidole kimoja kimoja, akatazama katikati yake. Akatazama vifundo vya mikono, kwapa, na kiunoni. "Hapa ndipo upele unapopenda kukaa," alisema. "Hapana kitu. Mama, vinundu hivi vilianza lini?"

"Tangu ana miaka mitatu, Daktari."

"Miaka tisa ana upele, na hakuna mtu nyumbani aliyeambukizwa?"

Yudith alimtazama baba yake kwa furaha. Swali lilikuwa lake, na sasa lilikuwa limeulizwa na mtu mzima.

"Mnakula nini?" aliuliza tena Uweso.

"Ugali. Dagaa. Mchicha, kisamvu cha nazi. Mapapai yakiwepo."

"Jioni, giza likianza kuingia, mtoto anaona vizuri?"

"Anaona. Huwa anatuonyesha njia sisi."

"Vizuri. Wapo watoto ambao ngozi yao hukauka hivi kwa kukosa mboga za majani na mafuta chakulani. Hao, na macho yao huona vibaya jioni. Huyu si mmoja wao." Uweso alivua miwani, akaifuta. "Sasa, baba na mama, nionyesheni mikono yenu."

"Sisi hatuumwi," alisema Fanueli.

"Najua. Nataka kuona tu."

Bertha alionyesha mikono yake. Ilikuwa laini. Fanueli alisitasita, kisha akavua shati. Uweso alimgeuza kama fundi anayepima koti. Nyuma ya mikono yake, juu ya viwiko, vinundu vilijaa tele.

"Loo!" alisema Uweso. "Fanueli, mbona wewe unao upele mkubwa kuliko mwanao? Nani kakuambukiza?"

"Mimi?" Fanueli alijaribu kujitazama nyuma ya mkono. Shingo haikufika.

"Mimi naviona kila siku," alisema Bertha, "lakini nilidhani ni ugumu wa kazi ya katani."

"Kabla ya kazi ya katani hukuwa navyo, Fanueli?"

Fanueli aliushika mkono wake juu ya kiwiko. Kisha akacheka, lakini si cheko la furaha.

"Nilikuwa navyo. Nilipokuwa mdogo wenzangu waliniita Kenge. Nilikataa kuoga nao mtoni. Mama yangu pia alikuwa navyo. Nilivisahau, Daktari. Nani hujitazama nyuma ya mkono?"

Yudith hakuwahi kusikia habari hiyo. Aliutazama mkono wa baba yake kama mtu aliyekutana na ndugu.

Uweso alifungua droo, akatoa kioo kidogo kinachokuza vitu. Akampa Yudith. "Mtazame baba yako. Niambie unaona nini."

Yudith aliinama. Kinundu kimoja kilikuwa kikubwa kama punje ya mtama. "Kuna kitu cheupe juu yake, kama kifuniko. Na chini yake... kuna unywele! Umejikunja. Haukuweza kutoka!"

"Umeona mwenyewe. Kila kinyweleo mwilini kina tundu lake. Ngozi yetu hujitupa kila siku, vipande vidogo visivyoonekana. Kwa watu wengine, vipande hivyo havidondoki vizuri. Hukauka, vikaziba tundu. Hapo panatokea kinundu. Si uchafu. Hakuna mdudu. Haviambukizi hata mkilala shuka moja miaka mia."

"Kwa nini watu wengine na si wote?" aliuliza Yudith.

"Hurithiwa, kama pua. Lakini kwa nini Ruthi kakosa na wewe umepata, hilo hata mimi silijui."

"Na dawa yake?" aliuliza Bertha.

"Dawa ya kuviondoa vyote sina. Ila vinaweza kulainika mpaka usivikumbuke, na watoto wengi wakikua hupungua. Mmekuwa mkimfanyia nini?"

Bertha alieleza yote: katani, sabuni ya kufulia, maji ya moto, dawa ya manjano. Uweso alisikiliza bila kumkaripia. Lakini uso wake ulibadilika.

"Mama, ngozi hii ni kavu, nanyi mmezidi kuikausha. Ukiikwangua inajikinga, inakuwa nene zaidi. Acha vyote hivyo. Maji yawe ya uvuguvugu, na asikae majini muda mrefu. Sabuni laini, kidogo tu. Kitambaa laini au kiganja chako. Akitoka, usimkaushe kwa kumsugua. Mguse tu na taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya nazi. Asubuhi na jioni, kila siku, hata vikionekana vimekwisha. Akienda kuoga baharini, ajimwagie maji baridi baadaye kutoa chumvi. Na asivikamue, maana vitaacha makovu."

"Basi tuandikie cheti," alisema Fanueli. "Mtihani umekaribia."

Uweso alitikisa kichwa. "Vidonda hivi vinatoa maji. Mwalimu akiviona hatasoma cheti changu. Tena vinaweza kuoza. Nitavisafisha leo. Njooni baada ya siku kumi. Vikikauka, nitaandika. Mkiona usaha, au homa, msingoje siku kumi, njooni siku hiyo hiyo."

Bertha alihesabu siku njiani. Siku kumi zikipita, kabla ya mtihani zingebaki siku kumi na moja tu. Na kama vidonda havikupona?

"Mafuta tu," alisema walipofika nyumbani. "Mafuta hayatoi kitu. Yatafunika uchafu ubaki ndani. Baba Yudith, tukikosea sasa, mtoto amekosa shule."

"Ndiyo maana tusikosee," alisema Fanueli. Alifikiri. Kisha akakunja mikono ya shati. "Sikiliza. Ngozi ya Yudith ni ngozi yangu. Yeye mpake mafuta, kama alivyosema Uweso. Mimi mkono wa kulia nitausugua kwa katani kila siku, kama ulivyokuwa unafanya. Wa kushoto nitaupaka mafuta. Tuone upi utashinda."

"Utajiumiza."

"Yeye ameumia miaka tisa."

Wewe msomaji usifanye hivyo. Fanueli amekwisha kukufanyia, inatosha.

Bi Turkiya alipika tui la nazi mpaka likatoa mafuta, akajaza chupa. Yudith alichukua daftari la zamani, akachora mistari. Kila jioni alimtazama baba yake na kuandika. Siku ya kwanza: mkono wa kulia, ngozi nyekundu; wa kushoto, kama jana. Siku ya tatu: kulia, inauma, Baba ameguna "oyo" kwa maumivu; kushoto, vinundu vipo lakini havichomi. Siku ya tano: kulia, imechubuka.

"Unafanana na mimi sasa," Yudith alimwambia.

"Nilifanana nawe tangu zamani," alisema Fanueli, "ila nilikuwa mjinga wa kutokutazama."

Siku ya sita Bertha alishindwa kuvumilia. Vidonda vya Yudith vilikuwa vimekauka, lakini vinundu alikuwa bado anaviona. Hofu ya mtihani ilimjaa. Alimwita Yudith bafuni, na dodoki la katani lilikuwa mkononi mwake.

"Mara moja tu, mwanangu. Polepole."

Yudith hakukimbia. Alimwita baba yake. "Mama, fumba macho. Mguse Baba mikono yote miwili, ndipo unisugue."

"Sina muda wa michezo."

"Fumba tu, Mama."

Bertha alifumba macho. Aligusa mkono wa kulia wa mumewe. Ulikuwa mkavu, unakwaruza, na Fanueli akashtuka kwa maumivu. Akagusa wa kushoto. Akapitisha kiganja juu, chini, na juu tena. Vinundu vilikuwapo, lakini vidogo, vimelala. Ngozi ilikuwa inateleza.

Akafumbua macho. Akautazama mkono ulioumia, kisha akamtazama mwanawe.

"Nilikuwa nakufanya hivi?" aliuliza. "Kila Jumamosi?"

"Ulidhani ni uchafu, Mama."

"Nilidhani nakutunza." Bertha alikaa kwenye kibao cha kuogea, akalia. Aliona uchungu mkubwa kuliko aibu yote aliyoiogopa zahanati. "Nisamehe, mwanangu."

Yudith alimshika bega. Fanueli alisema kwamba mkono wake wa kulia nao unaomba mafuta. Bertha akacheka katikati ya machozi, akampaka.

Siku ya kumi Uweso alimtazama Yudith nje, penye mwanga. Hapakuwa na kidonda. Alipoonyeshwa daftari na kusimuliwa habari ya mikono miwili, alipiga paja.

"Sikukuagiza ujichune, Fanueli! Lakini daftari hili nitaliomba niwasomee akina mama hapa."

Akakaa, akaandika cheti kwa herufi kubwa: ngozi ya mtoto huyu ni kavu kwa maumbile. Si upele. Haiambukizi. Aruhusiwe kusoma.

Mwalimu Eliudi alikisoma cheti mara mbili. Yudith alimnyooshea vidole vilivyoachana, akamweleza mahali upele unapokaa. Mwalimu alitazama, akauliza, akatazama tena. Alikuwa mwalimu mzuri, na mwalimu mzuri haoni haya kufundishwa.

"Nilikuonea, Yudith," alisema mbele ya darasa. "Nenda kwenye dawati lako."

Siku kumi na moja hazikuwa nyingi. Yudith alizitumia zote. Siku ya mtihani aliingia amevaa gauni la mikono mifupi, na hakuficha mkono.

Majibu yalipokuja, wasichana wawili tu wa shule ile walichaguliwa. Jina la Yudith lilikuwa la kwanza. Bi Turkiya alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Bertha alilia tena, na safari hii hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Wiki iliyofuata ilifika karatasi ya shule ya kati. Ilikuwa shule ya bweni, huko milimani, na wazazi walitakiwa kuijaza. Fanueli aliiweka mezani, akachovya kalamu kwenye wino. Aliandika jina, umri, na dhehebu. Kisha akafika kwenye swali moja, akasimama. Akalisoma kwa sauti.

"Je, mtoto ana ugonjwa wowote wa ngozi unaoambukiza?"

Yudith aliutazama wino uliokuwa ukikauka kwenye kalamu ya baba yake. Huko bwenini angeoga na wasichana wengine kila siku.

"Andika hana," alisema Bertha.

Fanueli akaandika.

"Na chini yake andika: Ana ngozi ya baba yake."

"Mama Yudith, hawakuuliza hilo."

"Hawakuuliza, lakini wataona. Wakiona, wasome."

Fanueli alicheka, lakini aliandika.